Watu 143,920 wa Lamu: nani kazaliwa, nani kahamia

Sensa ya 1969 ilihesabu watu 22,401 katika wilaya ya Lamu, na ile ya 1979 ikahesabu 42,299. Katika muda huo Kenya nzima ilitoka milioni 10.9 ikafika milioni 15.3, yaani ongezeko la asilimia 40 hivi. Lamu ilikaribia maradufu.

Tofauti kama hiyo haimaanishi kwamba wanawake wa Lamu walizaa kuliko wenzao. Sisi wa kazi ya idadi ya watu huanza na hesabu nyepesi: wachukue wale 22,401, waongezee asilimia 40 ya taifa, utapata kama 31,400. Waliozidi hapo ni karibu 11,000. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwa sababu inachukulia kwamba uzazi na vifo vya Lamu ni sawa na vya nchi, lakini pengo kubwa hivyo halizibwi na watoto wachanga. Watu walikuja.

Walitoka wapi? Barazani jibu huwa moja: Mpeketoni. Ni kweli kwamba huko Mpeketoni, bara ya Lamu, mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na familia nyingi kutoka Kenya ya kati na kwingineko zikapewa mashamba. Ila 1969 haukuwa mwaka wa kawaida. Vita vya Shifta, vya serikali na waliotaka kaskazini-mashariki ijitenge iungane na Somalia, vilikuwa vimetoka kwisha, na Wabajuni wa vijiji vya bara, upande wa kuelekea Kiunga, walikuwa wametawanyika visiwani, Malindi na Mombasa. Ukianza kuhesabu watu wa nyumba wakati wenyewe wamekimbia, wakirudi utawaita wageni. Jambo hili husahauliwa sana katika mabishano ya siasa juu ya nani mwenyeji na nani mgeni, na pande zote mbili hufaidika kulisahau.

Njoo sasa karibu. Kati ya 2009 na 2019 Lamu ilitoka 101,539 ikafika 143,920, ongezeko la asilimia 42, ilhali taifa liliongezeka kwa asilimia 23. Ukirudia hesabu ile ile, watu kama 19,000 wanabaki bila kuelezwa na uzazi wa kiwango cha taifa. Safari hii kuna dalili nyingine: wanaume walikuwa 76,103 na wanawake 67,813. Kwa jumla ya nchi wanawake ndio wengi. Palipo na wanaume wengi kiasi hicho, aghalabu pana kazi inayowavuta waje peke yao, kama vile ujenzi, ulinzi na vibarua. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa 2012 na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, kwa hiyo makarani wa sensa walipita katikati ya ujenzi. Na sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala, safari hiyo ukiwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Askari aliyelala kambini Lamu ni mtu wa Lamu kwenye jedwali, hata kama mke na watoto wako Kitui.

Wengi wa watu hawa hawako Mkomani wala Langoni, mitaa ya mji wa kale wa Lamu. Zaidi ya wanane kati ya kumi walihesabiwa Lamu Magharibi, na sehemu kubwa ya hao wako bara, Hindi, Mkunumbi, Witu na Mpeketoni, wakilima. Kwa nchi nzima hali haiko mbali na hiyo. Mwaka 1962 waliokaa mijini walikuwa asilimia 8 hivi ya Wakenya milioni 8.6, mwaka 2019 walikuwa asilimia 31 ya milioni 47.6. Anayesikia hivyo hudhani mashamba yamebaki matupu. La. Watu wa mashambani walikuwa milioni 8 wakawa milioni 32.7. Fungu lao limepungua, idadi yao imekuwa mara nne, na hiyo ni licha ya uzazi kushuka kutoka watoto 8 kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022.

Mipaka nayo huongeza watu bila mtu kusogea. Malindi ilikuwa na watu wasiofika 6,000 mwaka 1962, na 2019 ikawa na karibu 120,000. Utalii umeleta wengi, hilo halina ubishi, lakini wapo wazee wa pembezoni ambao hawajahama hata siku moja. Mji ndio uliowafuata kwenye minazi yao. Hata kitaifa, sehemu ya wakaao mijini ilionekana kusimama, theluthi moja hivi mwaka 2009 na asilimia 31 mwaka 2019, huku majengo yakizidi kila upande. Namna ya kuainisha mji haikuwa ile ile katika sensa hizo mbili.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha miaka, usianze na jina la mji. Tafuta jedwali la kata ndogo, uangalie na ukubwa wa eneo kwa kilomita za mraba. Ukiona eneo limebadilika, basi kata hiyo imegawanywa au imeunganishwa, na lazima ujumlishe upya kabla ya kusema nani kaongezeka.