Kuku mchafu haokolewi na maji, ilinde nyama kabla hujashika kisu

Wachinjaji wengi wa kuku nikiongea nao wananiambia "sisi tunaosha sana", na kweli maji yanamwagwa, lakini swali la kwanza nnalowauliza ni hili, kuku alikula mara ya mwisho saa ngapi? Maana uchafu mbaya kuliko wote unatoka ndani ya kuku mwenyewe, kwenye gole (kile kifuko cha chakula shingoni) na utumbo, humo ndo wanakaa bakteria wa salmonela na kampilobakta wanaotuletea kuhara na homa, na kuku anaweza kuwa nao huku anaonekana mzima kabisa.

Kwa hiyo chakula kiondoe masaa 8 mpaka 12 kabla ya kuchinja, maji waachie hadi muda wa kuwakamata. Ukichinja mapema gole na utumbo vinakuwa vimejaa, kisu kikigusa kidogo tu vimepasuka. Ila usidhani ukimshindisha njaa muda mrefu zaidi ndo bora, hapana, ukuta wa utumbo unalegea na unachanika kirahisi, halafu kuku mwenye njaa anaanza kudonoa maranda na kinyesi, anajaza tena uchafu uleule uliokuwa unaukimbia. Hapa watu wanakosea sana, wengine kwa kuwahi, wengine kwa kuchelewa.

Akishachinjwa subiri damu iishe, dakika 2 mpaka 3 hivi. Tafadhali asiingizwe kwenye maji ya moto bado anapumua, ni ukatili na pia anavuta yale maji machafu mpaka kwenye mapafu. Maji yenyewe yabadilishwe mara kwa mara, maana kila kuku anaingia na kinyesi chake kwenye manyoya na miguu, bakteria wanashika kwenye ngozi na kujificha kwenye vitundu vya manyoya, wakishajibanza humo hata umwagie pipa zima hawatoki wote.

Hatua nnayoiogopa zaidi ni ya kutoa utumbo. Kata kuzunguka tundu la haja taratibu, ncha ya kisu iangalie nje isielekee kwenye utumbo, panua kidogo, ingiza mkono uvute vyote kwa pamoja, na nyongo uiangalie isipasuke. Ikitokea umepasua, simama! Muweke huyo pembeni, sehemu iliyochafuka ikatwe itupwe, osha mikono, kisu kichovye kwenye maji ya nyuzi 82 ndo uendelee na mwingine, usipofanya hivo kuku mmoja anawachafua wote wanaomfuata. Na kile kitambaa kimoja cha kufutia kila kuku naomba kiondoke leo hii, kinasambaza tu.

Anayenyonyoa manyoya asiwe huyohuyo anayetoa utumbo, na kama mko wachache basi malizeni kazi chafu yote, mnawe mikono, mbadilishe aproni, ndo mhamie upande msafi.

Mwisho ni kupoza, nyama ishuke mpaka nyuzi 4 au chini ya hapo haraka iwezekanavyo. Wanaotumia klorini kwenye maji ya kupozea wajue damu na mafuta vinaimaliza nguvu, kwa hiyo maji yakishakuwa mekundu usiongeze dawa, mwaga uanze upya.