Kabla ya kuandika "kinaya", jiulize nani anajua nini

Mitihani ya mwigo inapokaribia, malalamiko kuhusu usahihishaji wa maswali ya tamthilia huongezeka. Wazazi na walimu hutuuliza ni kwa nini mtahiniwa aliyetaja mbinu sahihi hakupata alama zote. Tunaushukuru ufuatiliaji huo. Hata hivyo, sharti tuseme wazi: jina la mbinu si jibu.

Chukua kinaya, ambacho wengi hukichanganya na kejeli. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, wapiganaji wanaamini kuwa maji waliyopewa yatawakinga na risasi za Wajerumani. Msomaji anayeijua historia ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, anajua bunduki zile zitafanya nini. Kadiri wanavyojawa na imani, ndivyo yeye anavyozidi kuingiwa na hofu. Hicho ndicho kinaya cha kitamthilia: hadhira inajua, mhusika hajui. Hakuna anayedhihakiwa hapo, kwa hiyo usiandike kejeli.

Uzungumzi nafsia, yaani mhusika kujisemea mwenyewe jukwaani, nao huponza wengi. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka wa 1963, Brutus yuko bustanini usiku. Anamtuma mtumishi wake, Lucius, akamwashie mshumaa chumbani. Lucius anatoka, na Brutus anabaki akizipima sababu za kumuua Caesar. Hakuna amsikiaye ila sisi. Baadaye Mark Antony anauhutubia umati wa Roma mbele ya maiti ya Caesar. Maneno yake ni mengi kuliko ya Brutus, lakini umati unasikia na kumjibu. Hiyo ni hotuba. Urefu wa maneno si kigezo, na haidhuru tumelirudia hili mara ngapi, bado watahiniwa wanafunzwa kuhesabu mistari!

Tazama pia kilichotuonyesha kwamba Brutus amebaki peke yake: maelekezo ya jukwaani. Ni neno moja tu linalosema Lucius anatoka, na mwanafunzi aliyezoea kuyaruka maandishi ya mabano hawezi kujua nani anasikia nini.

Sasa utaratibu. Swali la muktadha wa dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye tamthilia, kwa desturi huwa na alama 4: msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya maneno kusemwa, kila hoja alama 1. "Anaongea na mwenzake" haikubaliki ikiwa mwenzake ana jina. "Onyesho la pili" si mahali. Bustanini kwa Brutus ni mahali. Ikiwa dondoo ni uzungumzi nafsia, andika kwamba msemaji anajisemea mwenyewe. Ukiacha wazi, alama ya msemewa imekwenda.

Kwa swali la mbinu, katika mitihani tunayoiandaa sisi, kutaja ni alama 1 na mfano wenye maelezo ni alama 1. Jina likiwa si sahihi, mfano hauliokoi, hata ukiwa mzuri namna gani. Aliyeandika mbinu mbili kwa mkwaju, "kinaya/kejeli", husahihishiwa ya kwanza pekee. Mfano mmoja hautumiki kwa mbinu mbili, isipokuwa swali limeruhusu.

Maombi ya kusahihishiwa upya hupokelewa kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu, yakiambatanishwa na karatasi halisi ya majibu. Karatasi iliyoongezwa maneno baada ya kusahihishwa haitashughulikiwa.