Bendera ya Tanzania: hizo rangi nne zilitoka wapi?

Muulize mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania rangi za bendera zina maana gani, atakujibu hapohapo, kijani ni ardhi na uoto wake, njano ni madini, nyeusi ni watu wenyewe, bluu ni bahari na maziwa na mito. Safi kabisa. Ila ukiendelea kumuuliza nani alileta rangi gani wengi wanakwama, na sisi tunaofanya kazi makumbusho hapo ndo tunapenda kuanzia, maana bila hiyo historia bendera inabaki kitu cha kukariri tu.

Enzi za Mwingereza Tanganyika ilipeperusha bendera nyekundu, ya Uingereza ikiwa kwenye kona, alafu kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ya mkoloni ikashushwa Dar es Salaam ikapanda ya Tanganyika huru, na Luteni Alexander Nyirenda akaisimika nyingine kileleni Kilimanjaro pamoja na Mwenge wa Uhuru. Ilikuwa na milia ya kulala, kijani juu, nyeusi katikati, kijani tena chini, na vimstari vyembamba vya njano vinavyozitenganisha. Kijani na nyeusi ni za bendera ya TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika, njano ndo iliongezwa.

Zanzibar mambo yalienda mbio zaidi. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, siku ya uhuru 10 Desemba 1963 ikawekewa duara la kijani lenye karafuu mbili, na hiyo ilidumu kama mwezi mmoja tu yakaja Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na kabla Januari haijaisha visiwa vilikuwa na bendera ya bluu, nyeusi na kijani, rangi za ASP, yaani chama cha Afro-Shirazi.

Sasa Muungano unakuja 26 Aprili 1964. Hebu ziweke hizo mbili mbele yako uziangalie, kijani ipo kwenye zote, nyeusi ipo kwenye zote, njano iko Tanganyika peke yake na bluu iko Zanzibar peke yake. Bendera mpya iliyoanza kutumika 30 Juni 1964 haikuacha hata rangi moja, na kwa mtazamo wangu huo ndo uzuri wake mkubwa, kwamba nchi kubwa na visiwa vidogo vimeungana na hakuna aliyeambiwa rangi yako tunaitupa. Angalia pia ule mshazari, wangeweza kabisa kupanga milia ya kulala kama mwanzo lakini weusi ukapita kona hadi kona, kijani na bluu zikapata pembetatu zinazolingana, na watu wako katikati wakizishika zote mbili. Na kitu ambacho kinashangaza wengi, bendera hii imelitangulia jina la Tanzania, maana jina lilikuja Oktoba 1964, kabla ya hapo tulikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

Naomba tusaidiane hapa kwenye kuipandisha, kwa sababu kuna ofisi na shule zinaipeperusha kichwa chini na hakuna anayeshtuka. Kijani inakaa juu, imegusa mlingoti. Mstari mweusi unaanzia kona ya chini kwenye mlingoti unapanda kwenda kona ya juu upande unaopepea, ukisimama mbele au nyuma utaona hivyohivyo unapanda kutoka kwenye mlingoti, kwahiyo ukiona weusi unateremka kutoka juu ya mlingoti na kijani iko chini, mwambie mhusika aishushe aifunge upya. Usione aibu kumwambia.

Na wale wanaouliza ile bendera nyingine wanayoiona Unguja na Pemba ni ya nini, hiyo ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, imeanza kupepea Januari 2005, ni ileile bluu, nyeusi na kijani ya 1964 ila kwenye kona ya juu karibu na mlingoti imewekwa bendera ya Muungano kwa udogo.