Sauternes Iliyozeeka: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Divai nyeupe tamu ya Sauternes, kule Ufaransa, huonewa kwa namna mbili. Kuna wanaoidharau kwa kuwa ni tamu, wakiamini mnywaji makini hunywa divai kavu tu, yaani isiyo na utamu. Kuna wanaoiogopa, wakidhani ni mali ya matajiri ya kufungiwa kabatini. Ikishapitisha miaka 20 au 30 hali huzidi kuwa mbaya: rangi imegeuka, kizibo kimelegea, na aliyeachiwa chupa na mzee wake anaimwaga kwenye sinki. Huniuma nikisikia hivyo, kwa sababu mara nyingi chupa hiyo ndiyo kwanza ilikuwa imefikia wakati wake.

“Imetiwa sukari”

Utamu unaousikia umetoka kwenye zabibu zenyewe, na kilichoukoleza ni kuvu inayoitwa Botrytis cinerea. Sauternes iko kiasi cha kilomita 40 kusini-mashariki mwa jiji la Bordeaux, karibu na mahali ambapo Ciron, mto mdogo wenye maji ya baridi yanayopita chini ya miti, unaingia kwenye mto mkubwa wa Garonne wenye maji ya uvuguvugu zaidi. Kuanzia Septemba hadi Novemba maji hayo mawili yakikutana huzaa ukungu. Asubuhi ukungu unatanda mashambani, kuvu inaota juu ya zabibu. Mchana jua linatoka na kuzikausha. Kuvu hutoboa ganda kwa matundu madogo mno, maji yanatoka, na ndani hubaki sukari, tindikali na harufu vilivyokolea. Tunda linasinyaa na kugeuka rangi ya kahawia, limefunikwa kitu kama vumbi la kijivu. Asiyejua angelitupa.

Majimaji ya zabibu hizo yana sukari nyingi kiasi kwamba hamira haiwezi kuimaliza. Kilevi kinapofika asilimia 13 au 14 hivi, hamira huchoka, au mtengenezaji huisimamisha kwa baridi na salfa. Sukari inayosalia, mara nyingi zaidi ya gramu 100 kwa lita, ndiyo utamu wenyewe.

Kuvu hiyohiyo, mvua ikizidi na jua likakosekana, huozesha shamba zima. Ndiyo maana wachumaji hurudi kwenye mzabibu uleule mara kadhaa, kila safari wakichuma tunda lililo tayari tu na kuliacha lililobaki. Château d'Yquem, shamba lililopewa daraja la peke yake katika orodha rasmi ya madaraja ya divai za Bordeaux ya mwaka 1855, husifika kwa kutoa glasi moja tu kwa kila mzabibu. Mwaka 1992 na 2012 halikutoa Sauternes kabisa, kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango. Anayelalamikia bei ayakumbuke hayo kwanza.

“Divai nyeupe haikai”

Nyingi kweli hazikai. Sauternes nzuri ina vitu vinavyoilinda: sukari nyingi, tindikali ya kutosha na salfa. Ya mwaka mzuri, kama 1989, 1990 au 2001, ikihifadhiwa mahali pa baridi na giza, huishi miaka 50 na zaidi. Chupa ya Yquem ya mwaka 1811 iliuzwa mwaka 2011 kwa pauni 75,000, na mnunuzi alikuwa mtaalamu wa divai aliyenuia kuja kuinywa.

“Ikiwa ya kahawia imeharibika”

Hapa ndipo chupa nyingi hupotea bure. Sauternes changa ina rangi ya dhahabu iliyopauka. Miaka inavyokwenda inakuwa dhahabu iliyokolea, kisha kaharabu, kisha hudhurungi ya chai ya rangi. Huo ndio ukuaji wake. Harufu nayo inahama: matunda mabichi na maua vinarudi nyuma, na mahali pake panakuja ganda la chungwa lililokaushwa, aprikoti kavu, lozi, sukari iliyoungua, na harufu ambayo mpishi yeyote wa pwani ataitambua mara moja, ya uwatu. Si mawazo tu. Kiini cha harufu ya uwatu ni kemikali inayoitwa sotoloni, na hiyohiyo imo ndani ya divai hizi, ikiongezeka kadiri zinavyozeeka. Ninuse glasi ya namna hiyo mara kumi, bado nitairudia.

Basi usihukumu kwa rangi. Tazama kimo cha divai shingoni: ikiwa imeshuka hadi mabegani mwa chupa na kizibo kinavuja, kuna shaka. Kisha nusa. Siki kali au kadibodi iliyolowa ni dalili mbaya. Chembe zinazong'aa kama chumvi chini ya chupa hazina neno. Ni tindikali ya zabibu iliyoganda.

“Kadiri inavyozeeka inazidi kuwa tamu”

Ni kinyume. Sukari haipungui sana, lakini ulimi huisikia kidogo zaidi, kwa kuwa uchungu wa ganda la chungwa na harufu za njugu vimejitokeza. Divai ya miaka 30 inaweza kumalizia mdomoni karibu ikiwa kavu. Kwa anayesema hapendi divai tamu, ningemwanzishia hii, si ile changa.

“Ni ya keki tu”

Keki iliyo tamu kuliko divai huiua. Utabaki na uchachu mtupu mdomoni. Wafaransa wenyewe huinywa na jibini ya Roquefort, kwa sababu chumvi na utamu hupatana, au na maini ya bata. Kuku wa kuoka mwenye ganda lililokauka vizuri hufaa sana na chupa iliyozeeka. Hata lozi za kukaanga zenye chumvi zinatosha.

“Ipoze kama bia”

Baridi kali huficha harufu uliyosubiri miaka yote hiyo. Nyuzi 10 hadi 13 zinatosha. Siku moja kabla, isimamishe chupa ili mashapo yashuke, na kizibo uking'oe taratibu. Cha zamani humomonyoka.

“Ukifungua lazima uimalize”

Changa hukaa kwenye friji wiki nzima au zaidi ikizibwa vizuri. Iliyozeeka sana ni dhaifu zaidi, ila siku mbili tatu haina shida, na jioni ya pili wakati mwingine hunukia vizuri kuliko ya kwanza.

“Bila Yquem hujanywa kitu”

Tafuta mashamba ya Barsac, kijiji jirani ambacho divai yake inaruhusiwa kuitwa Sauternes au Barsac, na mara nyingi huwa nyepesi na yenye uchangamfu zaidi. Ulizia pia nusu chupa, ya mililita 375. Glasi ya divai hii ni ndogo, kwa hiyo nusu chupa yawatosha watu wanne baada ya chakula.