Je, wajua kwa nini kikundi cha vijana chenye kiongozi mkali kinalala siku asipokuja?

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Uyole hapa Mbeya, ile baridi ya kuvaa sweta mbili na bado unatetemeka, vijana kama ishirini wa klabu yetu ya kanisani walikaa nje kwenye ngazi kuanzia saa nane mpaka saa kumi kasoro. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa msibani Tukuyu, simu haipatikani. Haya, stoo imefungwa, kinanda kiko ndani, mpira uko ndani, lakini si wangeimba hata kwa makofi? Si wangefungua Biblia waendelee na somo la wiki iliyopita? Hakuna aliyeanza. Kila mtu anamwangalia mwenzie, chai aliyoleta mama mmoja inapoa kwenye ndoo, saa kumi wakatawanyika kimya kimya.

Na huyu mwenyekiti ndo tulikuwa tunamsifia kuliko wote waliomtangulia! Akiingia tu kelele zinakatika, kipindi kinaanza kwa wakati, wazazi wanamkubali, mchungaji anamkubali, mimi katibu wake nilikuwa namkubali pia. Sasa inakuwaje kikundi kilichonyooka vile kinakosa hata mtu wa kusema "tuombe tuanze"?

Kumbe swali hili watu walishalichunguza zamani, na walichunguza kwa klabu za watoto kabisa. Kuna bwana anaitwa Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyezaliwa 1890, akaondoka Ujerumani 1933 Hitler alipoingia madarakani, akaenda Marekani. Kule Iowa yeye na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, wakaunda klabu za watoto wa kiume wa miaka kumi, watano watano, wanakutana na kufanya kazi za mikono kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kila klabu ina kiongozi mtu mzima. Ujanja wao ni kwamba viongozi walikuwa wanabadilishana vikundi na wanabadilisha staili, leo mkali, kipindi kingine wa kushirikisha, ili isije ikaonekana tatizo ni sura ya mtu fulani. Matokeo yakachapishwa 1939.

Kiongozi mkali alikuwa anapanga kila kitu yeye, nani akae na nani, nani afanye nini, na hatua anazitoa moja moja. Maliza hii ndo nikuambie inayofuata. Yule wa kushirikisha alikuwa anawaeleza safari nzima tangu mwanzo mpaka mwisho, wakikwama anawapa njia mbili tatu wachague wenyewe. Halafu kuna staili ya tatu, ya kuwaacha tu, na hii ilizaliwa kwa bahati: White alitakiwa aongoze kwa kushirikisha lakini akawa ameachia mno, wenzake wakaona hii sasa ni kitu kingine kabisa, wakaipa nafasi yake kwenye utafiti.

Tuseme ukweli, chini ya mkali kazi ilifanyika. Tena baadhi ya vikundi vilichapa kazi kuliko vya kushirikisha. Lakini watafiti walikuwa wanamtoa kiongozi chumbani makusudi, na hapo ndo kitu kikaonekana, kwa mkali kazi ikaporomoka, kwa wa kushirikisha ikaendelea karibu vilevile kama hakuna kilichotokea. Kwa mkali pia kulikuwa na mambo mawili, ama watoto wanageukiana na kumuonea mmoja wao, ama wanakuwa wapole kupita kiasi, wapo wapo tu. Wale walioachiwa tu ndo walifanya kidogo kuliko wote. Watoto walipoulizwa, 19 kati ya 20 walisema wanampenda yule wa kushirikisha kuliko mkali. Najua ni watoto wachache, wa kiume tu, wa Marekani ya miaka ile, mtu asije akaifanya ni sheria ya Mbeya. Ila mimi niliposoma ile habari ya kiongozi kutoka chumbani nikaziona zile ngazi za Uyole.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ni ile "maliza hii ndo nikuambie inayofuata". Hatua inayofuata iko kichwani kwa mtu mmoja, akiondoka anaondoka nayo, sawa na ule ufunguo wa stoo mfukoni. Vijana hawakuwa wavivu wala hawakukosa imani, walikuwa hawajui kinachofuata, na walishazoea kwamba ukianza bila kuambiwa utaulizwa nani amekutuma.

Na kwenye kujitolea hii inauma zaidi. Kazini bosi mkali unamvumilia kwa sababu mwisho wa mwezi kuna kitu. Kanisani hakuna mshahara, nauli ya bajaji unatoa mwenyewe, bando la kutuma meseji kwenye grupu unanunua mwenyewe. Mtu akichoka na ubabe wako haandiki barua ya kujiuzulu, kwetu huku anakuambia tu "mtumishi, nipo shamba", na shamba la huku halikosi sababu, kama siyo viazi Umalila ni mpunga Mbarali au Kyela, unakuja kushtuka Krismasi imefika bado yupo shamba.

Wahubiri wengi wakifika hapa wanakwenda Kutoka 18, Musa anaamua kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni, mkwewe Yethro anamuona anamwambia utaisha wewe na watu wako, weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Somo linaitwa "kugawa majukumu", watu wanaitikia amina, wanaondoka. Ila wanaruka mstari wa 20. Kabla ya kuambiwa achague wasaidizi, Musa aliambiwa awafundishe watu amri na sheria na awaonyeshe njia ya kuiendea na kazi ya kufanya. Kufundisha kwanza, vyeo baadaye. Sisi tunafanya kinyume, ijumaa usiku saa tatu unatupa meseji "kesho utaongoza kipindi, Mungu akutangulie", halafu kijana akiboronga tunasema hajakomaa.

Tulijaribu njia nyingine kwa binti mmoja wa kidato cha pili, mpole, sauti ndogo. Jumamosi mbili alikaa pembeni yangu na daftari, namuonyesha kwa nini naanza na mchezo kabla ya somo (wakikaa tu wanapoa, na baridi yetu unaijua), kwa nini swali namuuliza wa nyuma kwanza, kwa nini namaliza dakika tano kabla hata kama utamu umekolea. Ya tatu aliongoza yeye, mimi nashika saa tu. Ya nne nikamwambia siji. "Kaka, nikikosea je?" Nikamwambia ukikosea wewe utanisimulia, mimi sitakuwepo kuona. Alikosea kweli, alisahau matoleo, akakumbuka watu wameshafika getini, akawakimbilia na kikapu. Aliponisimulia alikuwa anacheka. Angekuwa amesemwa pale mbele ya wenzie asingecheka, na nadhani asingerudi, huku kwetu kumsema mtu hadharani ni kumvua nguo.

Ila msije mkadhani ukali hauna siku yake. Tulipowapeleka Ziwa Ngozi, unashukia Isongole halafu unaingia msituni kwa miguu, kule juu ukingoni ardhi ni tope na utelezi na chini kabisa ndo ziwa, pale hakuna kujadiliana. Mwenyekiti alisema hakuna anayevuka huu mti, na hakuna aliyevuka, nikamshukuru Mungu kwa ile sauti yake. Vilevile mambo ya usalama wa watoto hayapigiwi kura: mtu mzima habaki peke yake na mtoto chumbani, pesa za safari zinahesabiwa na wawili, basi. Mtu akikuambia "sisi tunaaminiana" mjibu ndo maana tunahesabu wawili.

Staili ninayoiogopa mimi hata kuliko ukali ni ile ya tatu, kwa sababu kanisani inavaa kanzu. Kiongozi hajajiandaa, hana ratiba, anasimama anasema "leo tumwachie Roho atuongoze", vijana wanachati nusu saa, mmoja anashika kinanda anabonyeza bonyeza, muda umeisha. Wiki ya kwanza inapendeza kwa sababu hakuna wa kukufokea, ya tatu wanabaki saba. Kushirikisha ni kazi kubwa kuliko kufoka, maana inabidi uandae njia mbili za kuchagua na uwe tayari wachague ile usiyoipenda.

Mwenyekiti tulikaa naye baada ya lile la ngazi, mimi na yeye tu, kwa chai. Hakukasirika. Alisema na yeye ndo alivyolelewa kwenye vikundi, mkubwa anajua, mdogo anasubiri. Jumatatu akaenda mwenyewe Mwanjelwa kwa mafundi akachongesha funguo tatu za stoo, na kwenye mlango kwa ndani akabandika karatasi ya ratiba ya miezi mitatu kwa mwandiko wake mbaya. Ufunguo mmoja umeshapotea, aliupoteza yeye.