Je, wajua damu humwambiaje daktari nani atazidiwa na virusi vya mapafu?

Kipimo cha puani kikishathibitisha kwamba mgonjwa ana UVIKO-19, daktari hubaki na swali gumu zaidi: huyu atapona kwa kupumzika nyumbani, au wiki ijayo atakuwa kwenye oksijeni? Sehemu ya jibu imo kwenye damu. Cha ajabu ni kwamba vipimo hivyo vya damu havivitafuti virusi hata kidogo. Vinauangalia mwili wenyewe, unavyopambana na jinsi unavyoumia katika kupambana huko, kwa sababu katika UVIKO-19 mkali madhara mengi huletwa na kinga iliyopitiliza.

Maarufu kuliko vyote ni kipimo cha protini iitwayo CRP. Chembe za kinga zikigundua uvamizi mapafuni, hutoa kemikali za kuitana, na mojawapo, intalukini-6, husafiri hadi kwenye ini. Ini likiipokea huanza kumwaga CRP kwenye damu. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya huwa na chini ya miligramu 10 kwa lita, ila mgonjwa mahututi anaweza kupita 100 kwa urahisi. Protini hii hupanda ndani ya saa chache na kushuka upesi chanzo kikitulia, kwa hiyo habari inayotoa ni ya leo, si ya juzi. Wala si ugunduzi mpya: William Tillett na Thomas Francis waliieleza mwaka 1930 huko New York, walipokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia ya bakteria.

Tena CRP haikuishia kubashiri tu. Katika utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza, dawa ya tosilizumabu, inayozuia intalukini-6, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 ambao oksijeni yao ilikuwa chini na CRP yao imefika 75 au zaidi. Ndani ya siku 28, waliopewa dawa walifariki asilimia 31, na waliopata matibabu ya kawaida peke yake asilimia 35. Namba ya maabara ilisaidia kuchagua nani apewe dawa.

Alama ya pili huenda kinyume: yenyewe hushuka. Limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazowinda virusi, hupungua sana kwenye damu ya wanaozidiwa. Baadhi hufa, nyingine huhamia kwenye tishu zenye vita.

Halafu kuna D-dima, masalia yanayobaki mwili unapoyeyusha damu iliyoganda. Ikipanda, maana yake kuna mahali damu inaganda kuliko inavyopaswa, pengine kwenye mishipa midogo ya mapafu. Mwaka 2020, uchunguzi wa wagonjwa 191 wa Wuhan, China, ulionyesha kuwa waliolazwa wakiwa na D-dima iliyozidi mikrogramu 1 kwa mililita walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Shida ni kwamba alama hizi hazina adabu ya kungoja virusi. CRP hupanda hata kwa jipu au upasuaji, na D-dima hupanda kwa ujauzito na kwa uzee. Ndiyo maana daktari makini hupima tena baada ya siku moja au mbili, aone namba inaelekea wapi.

Na hata hapo damu haisemi peke yake. Waingereza walitengeneza hesabu ya kubashiri vifo vya UVIKO-19 hospitalini, iitwayo 4C, yenye jumla ya pointi 21. Vipimo vyake vya damu ni viwili tu, CRP na urea (taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu), na vyote pamoja haviwezi kuzidi pointi 5. Mgonjwa wa miaka 80 hupewa pointi 7 kabla hata hajachomwa sindano.