Chumba cha Nyota Tano Hakijipangi

Hoteli za kifahari zilizo ufuoni kuanzia Nyali, kupitia Bamburi, hadi Shanzu huuza kitu kimoja kuliko vyote: chumba ambacho mgeni akikiingia huona kana kwamba hakuna aliyewahi kulala humo kabla yake. Mimi ni msimamizi wa vyumba katika mojawapo ya hoteli hizo. Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii hudhani kuwa ni kufagia na kutandika tu, jambo ambalo yeyote mwenye mikono miwili analiweza. Msimamo wangu ni kwamba hii ni kazi ya ufundi, na hapa Mombasa ufundi huo hupimwa na chumvi, mchanga na unyevu kabla haujapimwa na mgeni.

Upepo wa kusi unapoanza kuvuma, mnamo mwezi wa Aprili, hubeba manyunyu ya bahari yanayotua juu ya vioo vya baraza, vitasa na bawaba za milango. Asiyejua kazi hushika kitambaa kikavu akaanza kusugua kioo, na chembe za chumvi na mchanga hukikwaruza hadi kikabaki na ukungu usiofutika. Aliyefunzwa hukisuuza kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, akangoja yashuke na uchafu, ndipo akakausha. Unyevu nao una njia zake. Mgeni hupenda kuacha kiyoyozi kikiwaka huku mlango wa baraza uko wazi ili asikie mawimbi. Hewa ya nje yenye joto ikigusa vioo na sakafu iliyopoa hugeuka matone, marumaru huteleza, na ndani ya kabati kuvu huanza kuota juu ya viatu vya ngozi. Ndiyo maana mhudumu wangu akikabidhiwa chumba kilichokaa wazi siku kadhaa, jambo la kwanza ni kufungua kabati na kunusa.

Kuna doa moja ambalo natamani kila dobi wa Pwani alielewe. Mafuta mengi ya kujikinga na jua yana kemikali iitwayo avobenzoni, ambayo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo majini huacha rangi ya kutu kwenye taulo. Dobi asiyelijua huongeza klorini, ile dawa ambayo wengi wetu huiita jiki, na doa badala ya kutoka hukolea. Taulo ya namna hiyo hutengwa mapema, hufuliwa kwa sabuni inayokata mafuta, kisha hutiwa dawa ya kutoa kutu yenye asidi oksaliki, tena kwa mikono iliyovaa glavu. Hapo ndipo ninapoona hasara nyingi za hoteli zinapoanzia: taulo nzuri za pamba hutupwa kwa sababu hakuna aliyefundishwa kwa nini zimebadilika rangi. Shuka pia zina kanuni yake. Kila kitanda huhitaji angalau seti 3, moja ikiwa kitandani, moja kwa dobi na moja ghalani, kwani pamba inayofuliwa na kutandikwa siku hiyo hiyo, bila kupumzika, huchakaa upesi.

Ninapokagua chumba siishii mlangoni. Hukaa kwenye kiti ambacho mgeni atakikalia, kisha huinama mpaka macho yangu yawe sawa na mto, kwa kuwa ni akiwa amelala ndipo mgeni huona vumbi kwenye mapanga ya feni na uzi uliofumuka kwenye chandarua. Jioni tunarudi kuandaa chumba kwa usiku: chandarua hushushwa, mapazia hufungwa na asumini chache huwekwa juu ya mto wa kulalia, baada ya kuulizia kama mgeni ana mzio. Asumini hizo huchumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, ili zifunguke na kunukia usiku.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii, kwa maoni yangu, ni heshima kwa vitu vya mgeni. Kilichomo ndani ya pipa la taka ni taka. Kilichoanguka kando ya pipa si taka, na hakitupwi. Karatasi zilizotawanyika mezani hazipangwi, wala dawa zilizo bafuni hazizungumzwi na mtu yeyote, hata katika chumba cha chakula cha wafanyakazi. Mgeni akituomba mswala, tunautandika ukielekea kaskazini, maana kutoka Mombasa Makka iko karibu kaskazini kamili. Mhudumu akigundua kwamba mgeni hulalia upande wa kushoto, kesho yake maji ya kunywa huwekwa upande huo, na hakuna anayemweleza mgeni sababu.

Sasa niseme kinachoniumiza. Wageni hujaa Desemba na Januari, kisha Julai na Agosti. Masika yakiingia vyumba hubaki vitupu, na wenye mikataba ya msimu hurudishwa nyumbani. Chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA hujadiliana na waajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, lakini majadiliano hayawezi kumrudisha mhudumu aliyekwisha kwenda kufanya kazi Ghuba. Tuliliona hilo kwa ukubwa wake baada ya Machi 2020, Kenya iliposimamisha safari za ndege za kimataifa kwa sababu ya korona na hoteli nyingi za Pwani zikafunga milango. Zilipofunguliwa, samani zilikuwapo ila mikono iliyozoea haikuwapo yote.

Mimi naamini masika si wakati wa kuwaacha watu, ni wakati wa kuwatumia. Katika idara yangu wahudumu wazoefu hugawana zamu za miezi hiyo, kila mmoja akifanya wiki chache: wanafua mapazia, wanageuza magodoro, wanatia bawaba mafuta na kushona vyandarua. Julai ikifika, kila mmoja wao hupewa mwajiriwa mpya wa kuzunguka naye vyumbani, mpaka nitakaporidhika kwamba huyo mpya anaweza kukabidhiwa vyumba vyake mwenyewe.